Mwalimu, nikigawiwa karatasi ya mtihani kila kitu kinafutika

BARUA

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana mkoani Morogoro. Nina miaka 17. Nakuandikia kwa sababu mtihani wa Taifa ni Novemba, na mimi naona kama sitafika huko salama.

Darasani si mbaya. Kiswahili, Historia na Baiolojia huwa napata B, mara mojamoja A. Shida yangu ni Hisabati, na siku hizi shida hiyo imeanza kuhamia kwenye masomo mengine. Tulipofanya mtihani wa majaribio wa mkoa, usiku wa kuamkia Hisabati sikupata usingizi. Asubuhi uji ulinishinda. Msimamizi alipoanza kugawa karatasi mikono ikaanza kutetemeka, moyo unadunda mpaka nikadhani wa dawati la jirani anausikia. Nilisoma swali la kwanza mara nne, sikuelewa kitu. Ninachosikia kichwani ni sauti yangu mwenyewe: utafeli, mama atasemaje, wenzako watakucheka. Kanuni ya kwadratiki ninaijua tangu kidato cha pili, lakini siku hiyo haikuja. Tumetoka nje, nimefika chini ya mwembe, ikaja yote mstari kwa mstari. Nililia palepale.

Nilipata 19. Mwalimu wa somo alizisoma alama zetu kwa sauti mbele ya darasa, kuanzia ya juu kushuka chini. Karatasi yangu niliikunja nikaisukumia chini kabisa ya tranka, pamoja na za mitihani ya wiki. Sijawahi kuzifungua tena. Nikizigusa tu tumbo linavuruga.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja alipata 16, chini yangu. Lakini yeye analala, anakula, anaimba kwaya. Siku ile alinuna mpaka mchana, jioni kwenye prepo nikamuona ameazima karatasi ya aliyepata 70, anaandika masahihisho. Mtihani wa wiki uliofuata akapata 31. Mimi nilisingizia kuumwa, sikuufanya. Je, wenzetu wanazaliwa na moyo wa namna hiyo? Au mimi ndiye mgonjwa?

La mwisho, mama yangu anauza chai na vitumbua stendi, na tangu baba afariki ndiye anayelipa michango yangu yote peke yake. Kila akipiga simu kwa metroni ananiambia, "Mwanangu, wewe ndiye tegemeo letu." Sijamwambia kuhusu ile 19. Nimewaza siku ya Hisabati niseme naumwa, nisiingie kabisa. Nimwambie mama ukweli, au nimwache mpaka matokeo yatoke?

Mwenye Hofu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na asante kwa kuandika yote haya bila kuficha.

Kutetemeka mikono, kukosa usingizi usiku mmoja na kushindwa kunywa uji asubuhi ya mtihani, peke yake, si ugonjwa. Nimefundisha na kulea wanafunzi wa kutosha kujua kwamba katika kila chumba cha mtihani wapo wenye hali hiyo, wakiwemo wanaoshika namba za juu. Kwa hiyo swali lako la mgonjwa tuliweke pembeni kidogo, nitalirudia. Lile la mwenzako ndilo lenye ufunguo.

Soma tena ulivyoandika. Hukusema kwamba hakuumia. Umesema alinuna mpaka mchana. Halafu jioni akaazima karatasi ya mtu akaanza masahihisho. Sentensi hiyo umeipita haraka, ukakimbilia kuuliza amezaliwa na moyo gani. Mimi nimeisoma mara kadhaa, maana tofauti yenu yote imo humo. Mlianguka wote wawili, siku moja, kwenye pepa moja, na yeye akiwa chini yako kwa alama tatu. Yeye alichukua saa chache kurudi kwenye pepa, na wewe mpaka leo hujarudi.

Uwezo huo una watu waliouchunguza. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Australia, Andrew Martin na Herbert Marsh, waliandika kuhusu ustahimilivu wa kila siku wa mwanafunzi: namna anavyoyabeba mambo ya kawaida ya shule kama alama mbaya, kazi mbili zinazotakiwa siku moja, mada ngumu na presha ya mtihani. Hawakuwa wakizungumzia mtoto aliyepita kwenye vita au njaa. Walizungumzia kinachompata kila mwanafunzi, kila wiki. Waliwafuatilia wanafunzi 598 wa shule 5 za sekondari, wakawauliza katikati ya mwaka na tena mwishoni, na somo walilolichukua ni Hisabati. Yako mambo kadhaa yaliyohusiana na ustahimilivu huo: kujiamini kwamba unaweza, kujituma kwenye masomo, uhusiano mzuri na walimu. Lakini lililobeba uzito mkubwa kuliko yote lilikuwa hofu. Palipokuwa na hofu nyingi, ustahimilivu ulikuwa mdogo.

Nakuambia haya kwa sababu umeuliza kama watu huzaliwa nao. Hali ya mtu inaweza kubadilika ndani ya mwaka mmoja wa shule, ndiyo maana wale waliwauliza mara mbili. Na hofu na ustahimilivu vinasukumana pande zote mbili. Ukizoea kurudi kwenye kilichokushinda, mtihani unaofuata unakutisha kidogo kuliko uliopita. Ukizoea kukikimbia, hofu inanenepa, na ikinenepa inakunyima nguvu ya kurudi. Wewe kwa sasa uko kwenye mzunguko huu wa pili, na unaweza kutoka.

Sasa tuje kwenye mwembe, maana hapo ndipo panapoonyesha kwamba unaijua Hisabati kuliko 19.

Tangu mwaka 1967 wataalamu Liebert na Morris walionyesha kwamba hofu ya mtihani ina sehemu mbili. Moja ni ya mwili: moyo, jasho, tumbo, mikono. Nyingine ni ya mawazo: "utafeli, mama atasemaje, wenzako watakucheka." Wanafunzi wengi huilaumu ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayoonekana, kumbe inayoiba alama hasa ni ya pili. David Putwain na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti wa wanafunzi wa Uingereza waliokuwa wakielekea mtihani wao wa mwisho wa sekondari, na wakakuta hivyo hivyo. Waliokuwa na ustahimilivu wa kila siku walikuwa na hofu ndogo na walifanya vizuri zaidi, na ni yale mawazo ya wasiwasi, si mwili kukakamaa, yaliyowashusha wanafunzi alama na kuupunguza ustahimilivu wenyewe.

Sababu yake si ngumu. Sehemu ya akili unayokokotolea hesabu ni finyu, kama kimeza ambacho hakipokei vyombo vingi kwa wakati mmoja. Ukiwa unafanya swali la kwadratiki unahitaji kushika namba tatu, alama zake za chanya na hasi, na hatua inayofuata. Siku ile nafasi hiyo ilishakaliwa na mama, na darasa, na matokeo. Kanuni haikufutika, ilikosa pa kukaa. Ulipotoka nje na yale mawazo yakatulia, ikarudi yenyewe. Mtu asiyejua hakumbuki hata akikaa chini ya mwembe mpaka jioni.

Kwa hiyo sikutaki upigane na moyo wako ili usidunde. Mwachie mwili ufanye kazi yake, unakuandaa tu kwa jambo kubwa. Kazi yetu iko kwenye mawazo, na mawazo hayo yanapata chakula chake kutoka kwenye lile tranka.

Ulipoikunja karatasi ukaificha, ulipata nafuu papo hapo. Ni kweli, na ndiyo maana ukarudia kwa nyingine, na mara hii ukasingizia kuumwa. Lakini karatasi isiyofunguliwa inabaki kukuambia jambo moja tu: wewe ni 19. Haikuambii 81 zilizobaki zilipotelea wapi. Ukiifungua utaona si zote zilipotea kwa sababu moja.

Fanya hivi Jumamosi, mchana, si usiku. Chukua karatasi moja tu, ya mtihani wa wiki wa zamani zaidi, siyo hii ya mkoa. Kaa na mwenzako huyo kama atakubali, na nadhani atakubali. Pitia kila swali lililokosewa, uandike pembeni herufi moja. H kama ulikosea kwa haraka au kwa wasiwasi lakini njia unaijua. N kama ulijua nusu ukakwama. S kama hukujua kabisa. Ukimaliza, rudia kwa mkono wako yale ya H peke yake. Utakutana na makosa kama hili ninaloliona kila mwaka: mwanafunzi ana −2(x − 3), anafungua mabano anaandika −2x − 6, wakati hasi mara hasi inatoa chanya, na jibu ni −2x + 6. Kosa hilo moja linabomoa swali zima mpaka mstari wa mwisho. Mwenye kosa hilo si mbumbumbu wa Hisabati. Ana alama moja ya kuichunga, na akishaijua anaichunga.

Wiki inayofuata chukua nyingine. Ile ya mkoa iwe ya mwisho.

Kisha tazama pepa ya Taifa ilivyo, kwa utulivu. Hisabati ni maswali 14 kwa saa 3. Sehemu A ina 10, kila moja alama 6. Sehemu B ina 4, kila moja alama 10. D inaanzia 30. Maana yake ukiyafanya vizuri maswali matano tu ya Sehemu A, umeshavuka F. C inaanzia 45. Usiingie chumbani ukiwa unapambana na "Hisabati" yote kwa pamoja, hakuna anayeiweza hivyo. Kuanzia leo chagua mada tano au sita ambazo kwenye karatasi zako zina H na N nyingi, hizo ndizo uzikomalie kwanza. Za S zitafuata, na nyingine hazitawahi, si vibaya.

Kuhusu namna ya kusoma. Najua mabwenini mnapiga msuli kwa kusoma notsi hiyohiyo mara tano mpaka macho yanauma. Inakupa hisia kwamba umeshika, halafu siku ya mtihani hakuna kitu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma andiko na wengine waliolisoma kisha wakajitahini kwa kuliandika bila kuangalia. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye, waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, halafu fungua ujisahihishe. Fanya hivyo hata kwa Historia unayoipenda. Kwa mtu mwenye hofu kama yako njia hii ina faida nyingine: kila jioni unafanya mtihani mdogo usio na msimamizi wala mtu wa kukusomea alama, unakosa, unasahihisha, unaenda kulala. Unazoea.

Na mitihani ya wiki usiikwepe tena hata mmoja. Hiyo ndiyo sehemu yako ya kuangukia kwa gharama ndogo. Ukipata 22, sawa. Swali langu kwako litakuwa moja tu: ulirudi kwenye karatasi baada ya saa ngapi?

Mwalimu wako wa Hisabati mwendee. Najua unamwogopa baada ya ile siku. Lakini usiende na "Mwalimu, Hisabati siielewi," maana hata yeye hatajua aanzie wapi. Nenda na swali moja lenye herufi N, ulilolifanya mpaka ulipokwama, umwambie, "Mwalimu, shikamoo, hapa mstari wa tatu ndipo ninapopotea." Walimu wengi, hata wakali, hulainika wakiletewa mstari wa tatu.

Hapa niseme na walimu wenzangu, kwa heshima. Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 liliacha utaratibu wa kutaja shule na watahiniwa kumi bora. Sisi darasani bado tunasoma alama kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na wapo wanaoongeza na viboko kwa aliyepata chini ya wastani. Mtoto akishaaibishwa mbele ya wenzake, hajifunzi hesabu aliyoikosa. Anajifunza kuficha karatasi. Mpe karatasi yake mkononi, mpe siku mbili za masahihisho, umkague masahihisho hayo. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya, na haituongezei mzigo mkubwa.

Siku yenyewe ya Hisabati, mwanangu, lala mapema hata kama usingizi hautakuja haraka. Usisome baada ya taa kuzimwa. Asubuhi kunywa japo nusu kikombe cha uji. Nje ya chumba kaa mbali na wale wanaoulizana maswali ya dakika ya mwisho. Karatasi ikishafika na muda ukianza, usianze na swali la kwanza kwa kuwa tu ni la kwanza. Pitia zote, weka alama kwa penseli kwenye maswali matatu unayoyafahamu, anza na hayo. Moyo ukidunda, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Sauti ile ikianza, "utafeli, mama atasemaje," usibishane nayo, maana ukibishana unaipa nafasi zaidi. Rudisha macho kwenye swali, uandike kitu kwa mkono: data ulizopewa, mchoro, kanuni. Mkono ukiandika, akili huufuata. Na haya yote yafanyie mazoezi kwenye mitihani ya wiki kuanzia sasa, maana kitu ambacho hukukizoea Septemba hakitakuja chenyewe Novemba.

Nilisema nitalirudia la ugonjwa. Kama kukosa usingizi kumeendelea wiki baada ya wiki, kama unazimia, kama chakula hakipiti hata siku zisizo na mtihani, au kama umewahi kuwaza kwamba bora usiwepo, basi hapo usingoje ushauri wa gazeti. Mwambie metroni leo, au mwalimu wa ushauri nasaha, wakupeleke hospitali. Ipo pia namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, unazungumza na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Kumwambia mtu hali yako si udhaifu hata kidogo, na wewe umeshaanza kwa kuniandikia.

Kutoingia kwenye mtihani hapana, nakusihi. Chumba ukikikimbia siku hiyo, hofu itakuwa imeshinda mtihani mkubwa kuliko yote, na mwakani itakuwa na nguvu zaidi. Ukiingia ukapata F, bado kuna kurudia somo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na Kiswahili chako, Historia na Baiolojia vinabaki kuwa vyako. Wapo watu wengi tu waliorudia Hisabati wakaendelea na safari zao.

Na mama mwambie. Mwambie sasa, matokeo yasimkute hajui. Mwanamke anayeamka usiku kukanda vitumbua na bado akalipa michango ya bweni peke yake, kila siku anabeba mikosi: mvua, wateja wachache, mafuta kupanda bei. Kesho yake anawasha jiko. Habari ya 19 haitamwangusha. Anaposema "wewe ndiye tegemeo letu" anadhani anakutia moyo, hajui kwamba neno hilo linaingia nawe chumba cha mtihani, na hatajua usipomwambia.

Usianze na alama, anza na unachokifanya. Unaweza kusema hivi: "Mama, shikamoo. Hisabati inanipa hofu sana, mtihani wa mkoa nilipata 19. Nimeanza kufanya masahihisho na mwenzangu kila Jumamosi, na mwalimu nimemwendea. Naomba ukinipigia uniulize nimesahihisha maswali mangapi, habari ya tegemeo tuiache mpaka nimalize mtihani." Atanyamaza kidogo, mwache anyamaze. Muombe metroni simu Jumapili jioni, mama akishafunga biashara, ili mzungumze bila haraka.